Viatu Alivyoleta Mama Zaina

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, niliwauliza watu wazima swali: kama Bibi alikanyaga dawa ya mchawi, mbona kisigino kinamkata akishuka kitandani, na akishatembea kidogo kinatulia? Dawa gani hiyo inayochoka upesi hivyo?

Bibi alianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mchangani, peku kama wenzake, maana kukanyaga samaki wa watu na viatu ni uchafu. Maumivu yalipozidi, mganga akasema kuna kitu kimefukiwa pale anapoanikia. Akamkataza viatu kabisa, hata nyumbani, eti kiatu kinaifungia dawa ndani ya mguu. Aliyefukia ni nani? Watu wakamtazama Mama Zaina, jirani yake wa kuanika, kwa kosa moja tu: ndagala zake zilinunuliwa haraka. Hasira ile ninayo mpaka leo!

Bibi akawa anakwenda ufukweni akishika kuta za watu. Ilibaki kidogo aiache sehemu yake ya kuanikia. Ndipo Mama Zaina akaja, mchana mweupe, na viatu vya mpira vyenye soli nene. Alisema kisigino chake kiliwahi kuuma vilevile, na muuguzi akamfundisha: vuta vidole vya mguu ungali kitandani, vaa viatu kabla ya kukanyaga sakafu, jioni viringisha chupa ya maji baridi chini ya unyayo.

"Mchawi ananiletea viatu," Bibi alisema.

"Kama niko mchawi, ningekuletea vya kubana."

Nilicheka peke yangu. Kesho yake nilimvizia Bibi kitandani, nikamvalisha viatu vile.

"Wewe mutoto, mguu iko yangu ao yako?"

"Iko yako, Bibi. Lakini beseni ya ndagala nabeba mimi."

Akaniacha. Haikuwa siku moja. Zilipita wiki nyingi za chupa na kuvuta vidole. Halafu asubuhi moja akavuka uwanja bila kugusa ukuta, nami nikakimbia mbele yake nikitangazia mtaa mzima! Ufukweni akaviosha viatu ziwani, akaingia navyo kwenye samaki, moja kwa moja hadi kwa Mama Zaina. Hakuomba radhi. Aliinama, akamsaidia kugeuza ndagala zake.

Sasa niko chuoni Bujumbura, nashinda midahalo. Imani ya Bibi siichukii. Aliumwa, akataka jibu. Kinachoniudhi ni kwamba jibu lile lilitupwa juu ya mwanamke mwenzake, nasi wote tukaangalia.

Wewe unayenisikiliza, mama yako akiamka anachechemea, mpeleke kwa muuguzi wiki hii.