Kizimba cha Mashine ya Abdulatif

Scolastika Mligo, ambaye Makambako nzima ilimwita Mama Hyasinta, alikuwa mwendesha mashine ya kusaga, na hilo peke yake liliwapa wanaume wa sokoni cha kuzungumza kwa miaka. Mwanamke apige hendeli ya injini ya dizeli! Alizaliwa Kichiwa, akakulia kwenye baridi ya huko na kengele za misheni, na alipomaliza darasa la saba karakana ya misheni ikamchukua kufagia. Humo alikuwamo bruda mmoja mzee, mkali kama pilipili, ambaye hakuruhusu injini iwashwe kabla kila kinachozunguka hakijafunikwa. "Mashine haina macho," alizoea kusema. "Anayeitengeneza ndiye aione njia kwa niaba yake." Scolastika alifagia, akatazama, akashika spana, na bruda alipofariki yeye ndiye aliyejua mahali pa kila nati.

Kisha mambo yakafunguliwa. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa: ruksa kuleta mabasi, ruksa kuleta mitumba, ruksa kuuza sabuni yenye povu. Mashine ya kijiji ilikufa kwa kukosa spea, na za watu binafsi zikaota Makambako kama uyoga. Ya Abdulatif ilikuwa kubwa kuliko zote. Abdulatif alikuja kutoka Kondoa na lori moja, yakawa matatu, na sasa alitaka asage. Alimchukua Mama Hyasinta kwa sababu hakumpata mwanamume aliyeijua injini kumzidi, na alilisema waziwazi, maana hakuwa mnafiki. Alikuwa na haraka tu.

Injini ilitoka Dar ndani ya sanduku la mbao. Pamoja nayo kilikuja kizimba cha nyaya nene, kilichopimwa vizuri ili kifunike ule mkanda mrefu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu. Mtu fulani, katika nchi ya mbali, alikaa mezani na penseli yake akamfikiria mwanamke wa Makambako asiyemjua, akauweka mkono wa mama huyo mbali na mkanda. Abdulatif alikitazama kizimba hicho, akakiona ni kitu kizuri kabisa, akakipeleka nyumbani kufugia kuku wa mkewe, Rukaiya.

Usicheke, alikuwa na hoja. Mkanda ukifunikwa, mteja haoni nguvu ya mashine. Akiuona unakwenda mbio na kuvuma, anaamini unga wake utakuwa laini. Tena mkanda ukiteleza, kufungua kizimba kunakula dakika kumi, na foleni ni ndefu. Basi kuku wa Abdulatif wakalala salama kuliko wateja wake, maana hakuna kicheche aliyeweza kupitisha hata ukucha.

"Bwana Abdulatif," Mama Hyasinta alimwambia wiki ile ya kwanza, "kile kizimba nakihitaji."

"Kuku wamekwisha kizoea, mama."

"Na wateja je?"

"Wateja wana akili. Kuku hawana."

Mama Hyasinta alipozidi kumsumbua, Abdulatif akaenda kwa mchoraji wa vibao. Cha kwanza kilisema HATARI. Cha pili, USIUSOGELEE MKANDA. Cha tatu, ambacho alikipenda mno, MTEJA, USALAMA WAKO NI JUKUMU LAKO. Vilitundikwa juu ukutani, ambako vumbi la unga lilivifunika kabla ya saa nne asubuhi. Akina mama waliingia na debe kichwani, mtoto mgongoni, macho yamejaa unga, huku foleni ikiwasukuma, na hao ndio waliotakiwa wasimame wasome. Afisa mmoja alikuja kutoka Njombe kukagua. Alihesabu vibao, akashauri kimoja kiandikwe kwa Kiingereza, akanywa chai, akaandika kwamba mahali pale pamezingatia usalama. Alipokuwa akiandika, mkanda ulikuwa unapita hatua moja kutoka kwenye goti lake.

Mama Hyasinta alifanya alichoweza. Alipanga magunia kuzuia njia, wateja wakayakalia. Alichora mstari wa chaki. Foleni ikaufuta kwa miguu. Alikemea mpaka sauti ikakauka, akarudi nyumbani na hasira, kwa sababu alijua kitakachotokea. Siku moja angegeuka kufunga gunia, na nyuma ya mgongo wake mkono wa mtu ungekwenda.

Siku hiyo ilikuja mwaka wa tatu, mwezi wa saba, baridi ikikata masikio. Marobota ya mitumba yalikuwa yamejaa makoti, makoti ya Wazungu warefu wa nchi za theluji, na kila mama kutoka vijijini alikuwa na lake, mikono ikining'inia kupita vidole. Oktavia, mkulima wa Kichiwa aliyecheza na Scolastika utotoni, aliingia na koti la kijivu la kumtosha yeye na mumewe kwa pamoja. Akainama kuchukua debe lake. Mkanda ukaudaka mkono wa koti.

Hakupiga kelele, hakuwahi. Mama Hyasinta alimwona anavutwa kiubavu, akairukia injini akakata mafuta, lakini injini haisimami papo hapo, inamalizia kwanza mzunguko wake. Kilichomwokoa Oktavia ni kwamba koti lile halikuwa saizi yake hata kidogo: mkono ukachomoka, mabega yakachomoka, akaanguka chali kwenye unga huku koti likizungushwa na kuchanwa vipande. Oktavia akautazama mkono wake, akakunja vidole, akavikunjua, ndipo akaanza kulia.

Abdulatif alipofika alimpa pole, na pole ile ilitoka moyoni. Kisha akasema, "Alhamdulillahi, utaratibu wetu umefanya kazi. Hakuna aliyeumia." Siku hiyo hiyo kikatundikwa kibao cha nne: MAKOTI YAVULIWE NJE.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Akina mama walisimama nje na blauzi, midomo imepauka, makoti yamelundikwa juu ya matofali. Ili mashine isikerwe na nguo, watu waligandishwa. Mama Hyasinta aliwatazama, uvumilivu ukamwishia. Akaingia ndani, akachukua hendeli, akaketi juu ya gunia na kuiweka mapajani.

Saa tano Abdulatif alipita akielekea msikitini, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akakuta foleni imefika barabarani na injini kimya.

"Kuna nini, mama? Injini imekufa?"

"Injini nzima. Mimi ndiye siiwashi."

"Unajua wapo wanaoitaka kazi hii."

"Najua, na hendeli hii hapa." Akamnyooshea. "Washa mwenyewe, bwana. Simama hapo, mguu mmoja mbele, inama, zungusha. Ikishika, chomoa hendeli, pita hapo katikati ukafungue kinu."

Alimwonyesha upenyo kati ya mkanda na ukuta, wa kumtosha mtu mmoja asiye mlaji. Abdulatif aliipokea hendeli, maana akina mama thelathini walikuwa wanamtazama. Akasimama alipoelekezwa. Akainama. Mkono wa kanzu, mpana, ukalala juu ya mkanda. Akauondoa. Akaukunja hadi kwenye kiwiko. Ukateremka, ukalala palepale. Akautazama upenyo, akatazama pindo la kanzu. Vibao vyote vinne vilikuwa juu ya kichwa chake na hakuna kilichomfaa.

"Hapa mtu anapitaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa kujibana."

"Wewe unapita hapa?"

"Miaka mitatu, bwana. Kila siku. Hukuwahi kuniuliza."

Abdulatif aliilaza hendeli chini polepole. Akatoka nje, akamtuma dereva nyumbani akawafungue kuku na kukileta kizimba. Kisha akawageukia akina mama, akawaambia wavae makoti yao.

Wakayagombea yale makoti, kila mmoja akitafuta lake. Oktavia, aliyerudi kusaga mahindi yake ya jana, alibaki amesimama na kanga mabegani, akimtazama Abdulatif.

"Mimi nivae lipi?" akamuuliza.