Matuta Yaliyofumuliwa Kabla ya Wakati

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Msinitafutie Kiswahili cha ofisini humu. Shule yangu iliishia darasa la tatu, yaliyobaki nilifundishwa na jembe na sufuria.

Nilikuwa mpishi kwenye kituo cha vijana nje ya Sumbawanga, njia ya Mpui. Ilikuwa miaka ile sabuni na sukari zilipoanza kuonekana tena madukani, mitumba ikamwagika sokoni, na watoto nao wakamwagika huko huko, shule wameiacha. Waliowashinda wazazi na walimu waliletwa kwetu. Walilala hapo hapo, asubuhi darasani, mchana shambani. Na maneno walikuwa nayo!

"Mambo, mama mpishi?"

"Mambo mpe mshikaji wako. Mimi nipe shikamoo, ndipo nikupe ugali."

Kati yao alikuwepo binti mmoja wa darasa la saba, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Mrefu, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Sheria ya kituo ilikuwa makosa matatu, unarudi kwenu. Yeye tayari alikuwa na mawili: aliruka uzio kwenda mnadani, na alimzaba kofi mwenzake aliyemwambia ananuka maziwa. Baba yake alikwisha kusema, akifukuzwa kituoni anaozwa, ng'ombe wa mahari wameshatajwa. Mtoto alitaka kufanya mtihani wa la saba. Alikuwa akisoma jikoni kwangu huku anachambua maharage. Macho kwenye daftari, mawe anaacha, maharage anatupa.

Mwezi wa pili, majani yakiwa marefu, tulipiga matuta kama Wafipa tunavyopiga. Unakata ardhi na majani yake, unaigeuza, unarundika duara kubwa, majani ndani, udongo juu. Juu unapanda maharage. Majani yanaoza humo polepole mpaka mvua za msimu unaofuata, ndipo unalifumua tuta, unalisambaza, unamwaga ulezi. Mbolea ya bure.

Binti akashika kiuno. "Jamani, hili ni shamba au makaburi?"

"Makaburi ya njaa," nikamjibu. "Piga jembe."

Akacheka, akapiga jembe kuliko wote. Wala sikumweleza lolote. Kwetu nani anafundishwa tuta? Mtoto anazaliwa analiona.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumapili, tulikwenda misa, yeye akabaki na zamu ya kuchota maji. Tuliporudi tulimkuta shambani, tope mpaka masikioni, anatabasamu. Safu tatu nzima za matuta, chini! Majani mabichi yamechomoza kila mahali, miche ya maharage imelala kifudifudi.

"Nimewasawazishia," akasema. "Sasa hata jembe la ng'ombe linapita."

Mkuu wa kituo, kijana mpole lakini mtu wa sheria, hakucheka. "Kosa la tatu. Kesho funga mizigo."

Hakulia. Alianza kufuta tope kwenye jembe kwa kiganja, taratibu, kama vile jembe ndilo litakalosafiri.

Nikaona aibu yangu mwenyewe. "Mwanangu," nikamwambia mkuu, "kosa ni la anayejua. Huyu nani alimwambia majani lazima yaoze kwanza?"

"Nani alipaswa kumwambia?"

"Mimi. Nilisimama naye tuta kwa tuta, nikafunga mdomo."

Akanitazama, akatazama shamba. "Basi mama, adhabu mtaitumikia wawili. Matuta yote yasimame kabla ya Jumamosi, kwa mikono yake na yako, na ya yeyote utakayempata nje ya kituo. Yakisimama, kosa nimelifuta. Likibaki hata moja, anaondoka."

Wale wengine wakapiga vigelegele. "Mama mpishi kafungwa!"

Binti akaninong'oneza, "Mama, mgongo utaweza kweli?"

"Mgongo wangu usiusemee. Wewe chunga mdomo."

Nawaambieni kabisa msikae roho juu: Ijumaa jioni tuta la mwisho lilisimama, na mtihani ulimkuta kwenye dawati lake. Lakini Jumapili ile hayo hatukuyajua. Nilirudi nyumbani nikiwaza siku tano na safu tatu, na mvua haijakata.

Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta anaota jua, wanangu wanne wameshika vikombe vya togwa. Habari ilikuwa imenitangulia. Walicheka mpaka togwa ikawapalia. Nikawaacha wamalize.

"Mmeshiba kucheka? Haya. Kesho alfajiri majembe yote ya nyumba hii yaende kituoni, na kila jembe liwe na mtu nyuma yake. Na wewe baba watoto, acha kujificha nyuma ya kikombe, nimekuona."