Mgawa Mizigo

Tunapokwenda kupanda mlima na wenzangu wa kazini, mtunza stoo wa ofisini kwetu hapimi mzigo kwa mizani. Huingiza vidole viwili kwenye mkanda wa begi, hulinyanyua kidogo, hufumba macho, kisha huhamisha kitu: sufuria kutoka kwa mhasibu, kamba kutoka kwa dereva. Kila nusu saa ya kupanda mlima hupiga makofi, sote tunatua, naye anagawa upya ili aliyechoka apate nafuu. Husema polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. Lakini safari hii, tulipotua mara ya tatu, niliona kila alichompunguzia mtu kimeishia mgongoni kwake mwenyewe, na midomo yake imeanza kuwa ya kijivu.

"Mzee, nipe hema," nikamwambia.

"Wewe beba mdomo wako, binti. Huo peke yake unajaza gunia."

Wenzangu wakacheka, wakatangulia. Mimi nikabaki nyuma yake, nikitazama visigino vyake vikitafuta pa kukanyaga. Tulipofika kwenye mawe akasimama ghafla. Vidole vikahangaika kwenye kifungo cha kifuani, vikashindwa kukifungua.

"Nifungulie, mwanangu," akanong'ona. "Wasijue."

Nikamfungulia, nikauvaa mzigo wake. Nikamkalisha kwenye jiwe, nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi. Kisha nikawaita wenzangu kwa sauti yote niliyokuwa nayo, huku nikisikiliza pumzi yake moja, nikiisubiri nyingine.