Nilimfukuza mpangaji wangu kwa nzi waliotoka bafuni kwangu

Wakuu, habari za humu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Mimi ni bibi wa Kariakoo, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika vumilieni. Ninachosema ni kweli tupu, na hakinipi sifa.

Nyumba yangu ni ya urithi. Katika chumba cha mwisho, kinachopakana ukuta na bafu langu, alikaa Mama Eliya, mjane wa Kichaga, muuza ndizi mbivu pale Mnazi Mmoja.

Miaka kumi na moja. Nilipovunjika mguu, ni yeye aliyeniogesha. Wanangu wako mbali.

Ramadhani iliyopita nzi wadogo wakajaa uani. Weusiweusi, wanatua ukutani karibu na mlango wake. Na ndani kwake, nikiwa mlangoni, nilishaona ndoo imefunikwa kitambaa.

Nikasema huyu anapika mbege. Pombe, nyumbani kwangu, na watu tumefunga.

Nikamwita uani, wapangaji wote wanasikia, nikamwambia ahame na pombe yake. Hakupandisha sauti.

"Bibi, ingia ufunue hiyo ndoo uone mwenyewe."

Nikamjibu, "Mkono wangu haugusi najisi."

Siku ya tatu akahama. Chumba alikiacha amekipiga deki.

Nzi hawakuhama. Nikaona ni mazalia yamebaki. Nikapiga picha, nikaja humu kuuliza dawa ya nzi wa pombe. Wengine mlicheka, mmoja akaandika kwamba bibi kashalewa kwa harufu.

Mkuu mmoja hakucheka. Aliniambia nimkamate mmoja, nimlaze kwenye karatasi nyeupe, nimpige picha kwa karibu, kisha niikuze nitazame mabawa.

Jamani, yana manyoya. Mapana, yamelala mgongoni kama paa, utadhani nondo mchanga. Vipapasio navyo kama shanga zilizotungwa.

Akanieleza kuwa nzi wa matunda na pombe mabawa yake ni maangavu, hayana manyoya hayo, na macho mara nyingi ni mekundu. Huyu wangu ni wa maji machafu, huzaliana kwenye utelezi wa bomba. Nipake nailoni mafuta, nifunike tundu la bafu, niangalie kesho yake.

Asubuhi nikaigeuza. Wamenasa upande wa chini, wengi.

Bafu langu. Naoga humo peke yangu.

Nikampigia Mama Eliya, yuko kwao Kilimanjaro. Akaniamkia vilevile kama zamani. Nikamweleza yote, mpaka habari za vipapasio. Akasema:

"Zilikuwa ndizi mzuzu, Bibi. Nilikuwa naziivisha za futari yako."

Nilimwomba arudi. Akasema kusamehe amenisamehe, ila katika nyumba aliyoaibishiwa mbele za watu hawezi tena kulala. Sikumlazimisha. Wapangaji nimewakusanya palepale uani nikawaambia kosa ni langu. Fundi amekuja akabadili bomba. Nzi wameisha.

Chumba bado kitupu. Wanaokuja kukiulizia nawaambia kina mtu.

Nilichojifunza ni hiki. Mdudu nilimtazama mpaka manyoya ya bawa, ila mtu aliyeniogesha nilimhukumu nimesimama mlangoni. Msifanye hivyo.

Msiniandikie pole, sizitaki. Aliyewahi kumkosea mtu namna hii, na yule mtu akarudi, aandike hapa chini alifanyaje. Nitasoma zote, polepole.