Ukucha wa Fundi wa Maabara

Fundi wa maabara hatazami saa anapochemsha mbao. Hufunua sufuria ya magadi makali, maji yakiwa yamegeuka meusi, huopoa kipande kwa koleo, hukisuuza mara tatu, kisha hukibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba huku amefumba jicho moja. "Bado," husema, au huguna tu. Mtafiti, ambaye ndiye bosi wake, huandika saa na dakika. Yeye alitaka lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti, itoke yote kabla ubao haujashindiliwa kwa mashine ili uwe mgumu. "Daktari, huku si kufua shuka," fundi alimwambia. "Ukiung'arisha sana utabaki na nyuzi mkononi." "Wewe chemsha tu, fundi." Akachemsha.

Siku wakubwa walipokuja kuamua kama maabara ifungwe, ubao mweupe, uliochemshwa mpaka lignini ikaisha, ulivunjika kwenye mashine ya kupima nguvu kama biskuti. Fundi akakohoa, akavuta droo ya makoleo, akatoa ubao mwingine wa rangi ya asali, ulioshindiliwa tayari. Mashine iliukandamiza mpaka ikaanza kulalamika yenyewe; ubao haukutoa hata mlio. Wakubwa walipoondoka wakiahidi mwaka mmoja zaidi, mtafiti alifungua daftari. "Huu uliuopoa baada ya saa ngapi?" "Sikuangalia." "Sasa mimi niandike nini, fundi?" Fundi aliopoa kipande kingine, akakisuuza mara tatu, akamnyooshea. "Vua glavu," alisema. "Lete ukucha."