Ng'ombe wa Urafiki na Pikipiki Mbili

Mimi ni mfupi. Nalisema mapema kwa sababu jamaa zangu hulificha wanaposimulia habari hizi, wakidhani wananistahi. Nikikaa juu ya ile pikipiki kubwa niliyoileta kutoka Lulimba, miguu yangu ilining'inia kama ya mtoto aliyeketishwa kwenye kiti cha mgeni. Ili niipande nilihitaji jiwe. Nilikuwa na jiwe langu mbele ya nyumba yangu Baraka, jingine mbele ya shule, jingine kando ya kanisa. Jumamosi ya Salongo, watu walipotoka kusafisha barabara kwa amri ya chama, mawe yangu yaliondolewa pamoja na takataka, nami nilibaki nikisukuma chuma kile mpaka nipate kichuguu cha kusimamia.

Nilikuwa mwalimu, na mwaka ule nilipewa kazi ya kuzungukia shule za kanisa letu: Baraka, Fizi, Lubondja alikokaa mama yangu, na mara mojamoja Lulimba. Nilikuwa na baiskeli. Baiskeli ilinitosha, na hapo ndipo ninapojikasirikia hadi leo. Lakini kulikuwa na mkubwa mmoja wa serikali aliyepita barabarani juu ya pikipiki kubwa, koti lake la abakosti limejaa upepo, kuku wakiruka huku na huku, na wanawake shambani wakisimamisha jembe kumtazama. Mimi nilipopita, kuku hawakujisumbua hata kuinua kichwa.

Kule Lulimba mnunuzi mmoja wa dhahabu alikuwa na pikipiki kama ile, imezeeka kidogo lakini ina mngurumo. Alikuwa anaoa, na alitaka nyama ya karamu. Akaniambia huku akicheka, "Mwalimu, mi natafuta ng'ombe, we unatafuta tukutuku. Sasa Mungu afanye nini tena?"

Ng'ombe tuliyekuwa naye alikuwa mmoja, na hakuwa wetu kwa namna ile niliyotaka awe. Miaka michache nyuma baba yangu alimkaribisha nyumbani mfugaji mmoja kutoka milima ya juu, aliyeshikwa na homa alipoteremka bondeni. Alimuuguza masika nzima. Mtu yule alipopona alipanda kwao, akarudi na mtamba mwekundu, akamkabidhi baba kamba mkononi. Kwa watu wa kule juu, ng'ombe wa namna hiyo si mali. Akizaa ndama jike wa kwanza, ndama huyo hurudi kwa aliyetoa, na tangu hapo nyumba mbili zinakuwa ndugu, hata wazee wakifa. Hauzwi bila mwenye kumtoa kujulishwa. Wetu alikuwa hajazaa bado. Baba alilijua hilo, mama alilijua, nami nililijua.

Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nilipomwambia mama kwamba nampeleka ng'ombe Lulimba, aliacha kutwanga sombe, majani yetu ya mihogo.

"Hii ng'ombe iko na mwenyewe," alisema. "Upande kwanza, umuulize."

"Mama, karatasi yake iko wapi? Muntu akipewa kitu, ni chake."

"Haya, mwenye masomo," akasema, akarudi kwenye kinu chake.

Nilimswaga mwenyewe mpaka Lulimba. Kiangazi kilichotangulia, mtoto wa yule mfugaji, ambaye sasa alikuwa mzee, alikuwa ameteremka kumchukua, ng'ombe akala majani ya juu pamoja na mafahali wao, kisha akarudishwa amenona. Mimi nilidhani ni unene tu. Sisi ni watu wa mihogo na samaki. Tumbo la ng'ombe hatulijui. Asubuhi alipochinjwa nilikuwa nimesimama karibu, nikiipapasa pikipiki yangu mpya. Mchinjaji alisimamisha kisu, akaniita. Ndani mlikuwa na ndama aliyekwisha kuota manyoya. Alikuwa jike.

"Eh, mwalimu, ulituletea mbili," mchinjaji alisema. Hakuna aliyecheka. Akamfunika kwa jani la mgomba na kuendelea na kazi. Jioni nilikaa kwenye karamu, nikala, na nikaongezewa mchuzi.

Majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja hata watoto wazaliwe. Pikipiki ile ilikunywa mafuta kuliko mlevi wa sikukuu, na mafuta yalikuwa yakija kwa pipa, siku mtumbwi wa mashini ukipenda kufika. Kuiwasha kulitaka mguu wa mtu mzito. Mara ilikataa na kunirudishia teke kwenye muundi. Kwenye mchanga wa Baraka ililala ubavu. Kwenye daraja la miti ilinilalia mimi. Nilipoanguka mbele ya shule, wanafunzi walisimama wima kwa adabu kana kwamba bendera inapandishwa, na adabu yao iliniuma kuliko kidonda. Kuku walikimbia, kweli. Nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Mzee aliteremka wakati mvua zilipokuwa zikipungua. Nilikuwa Lubondja kwa mama siku ile, pikipiki imeegemezwa kwenye ukuta, jiwe lake chini. Mzee alisalimia, akauliza habari za nyumba yote, mpaka za mihogo, kama ilivyo heshima yao. Kisha akageuka kutazama mahali ng'ombe alipozoea kufungwa. Majani yalikuwa yameota pale.

"Mutoto wangu, ng'ombe yetu iko wapi? Sasa njo wakati yake ya kuzaa."

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi tayari. "Baba, ilikufa," nikasema. "Ugonjwa iliipata."

Mama alikuwa akipepeta. Ungo ukasimama mikononi mwake. Mzee alivua kofia, akaishika kifuani, akatazama yale majani.

"Pole, mutoto wangu. Pole, mama. Ng'ombe inakufa, urafiki haikufe." Alipokuwa anaondoka aliielekezea pikipiki fimbo yake. "Na hii?"

"Ni ya kazi, baba."

Lilikuwa neno langu pekee la kweli siku ile.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kidogo, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtu asiyenishuku. Kule juu wana desturi nyingine ambayo katika haraka yangu niliisahau: rafiki akifiwa na ng'ombe, hufarijiwa kwa ng'ombe. Mwezi haujaisha mzee akateremka tena, safari hii akimswaga ng'ombe wa maziwa mwenye ndama dume anayenyonya. Miguu ya mzee ilikuwa imejaa tope mpaka magotini. Alimkabidhi mama kamba, akanywa maji, akakataa kulala, akarudi.

Mama alimkamua kila asubuhi, maana ng'ombe asiyekamuliwa anaumwa. Maziwa yote aliwapelekea majirani. Hakuonja hata tone. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kunitazama:

"Mi siwezi kunywa bongo."

Bongo kwetu ni uongo. Wiki ile nilifundisha somo la dini katika shule tatu, na katika zote tatu niliikwepa ile amri inayokataza uongo.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa napanda kwenda Fizi, na katikati ya mlima pikipiki ikazima. Sikuwa na jiwe. Nilijaribu kuishikilia isirudi nyuma, ikanishinda, tukaingia wote mtaroni. Aliyenikuta hapo alikuwa mkunga wa Fizi, mama mnene mfupi, naye akija juu ya kipikipiki chake chekundu, kiti kikiwa chini, kikapu mbele. Alikizima, akaweka nyayo zote mbili ardhini. Nilizitazama nyayo zile kwa wivu ambao sijawahi kumwonea mtu mwenye cheo.

"Mwalimu," alisema, "hiyo tukutuku ilikuoa, haiko we uliioa."

Akaniambia magoti yake yamechoka, kazi anaiacha karibuni, na ana kijana mrefu anayechukua samaki Kazimia na kuwaleta juu, anayelia kila siku kwa kukosa chombo chenye nguvu. Tulikubaliana palepale kubadilishana, mimi nikiwa bado na tope masikioni. Kijana wake alipoipanda ile kubwa, miguu yake ilifika chini bila taabu, nayo ikawaka kwa teke moja. Sikuwahi kuisikia ikinguruma vizuri namna ile. Mimi nilikaa juu ya kile kidogo. Kilikuwa na mlio wa cherehani, na kuku wa Fizi waliendelea kudonoa. Niliteremka mlima mzima nikiwa na raha mpaka nikaanza kuimba, na katikati ya wimbo nikakumbuka jani la mgomba, nikanyamaza.

Sikwenda Baraka. Nilipita Lubondja, nikamwambia mama, "Napanda." Hakuniuliza napanda wapi. Alinifungia mihogo na samaki wakavu wa kupeleka.

Barabara ilipokwisha, nilikiacha kipikipiki kwenye nyumba ya katekista, nikaenda kwa miguu mpaka kesho yake. Mzee alikuwa malishoni. Mke wake alinikaribisha, akaniletea uji mtupu wa mtama, akasimama akiwa ameona haya.

"Utusamehe, mutoto wetu. Maziwa haiko. Ile ya kukamua iko kwenu."

Wajukuu wawili walikuwa wakinywa uji uleule. Kwa watu wale kumpa mgeni uji bila maziwa ni kama sisi kumpa ugali bila mboga.

Mzee aliporudi sikungoja salamu zikamilike. Nilipiga magoti, nikamwambia ng'ombe hakufa, nilimbadilisha na pikipiki kule Lulimba, alichinjwa kwa karamu, nami nilikula. Nilisema pikipiki ilinishinda na kwamba nimeibadilisha. Nilisema ng'ombe wake wa pili atarudi. Alikwangua tope kwenye fimbo yake. Nilitamani anipige nayo.

Mwishoni akasema, "Hiyo tukutuku ndogo iko wapi?"

"Niliiacha chini, kwa katekista."

"Twende niione."

Tuliteremka pamoja, yeye mbele, mzee wa miaka ile. Pale kwa katekista alikizunguka kipikipiki mara mbili. Alikipapasa mgongo, akainama kutazama chini ya tumbo, jinsi anavyokagua mnyama. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka akaegemea ukuta.

"Basi ile kubwa ilizaa," akasema. "Ilizaa hii ndogo. Na mutoto wa kwanza ni wangu, si njo vile?"

"Njo vile, baba," nikasema, nikampa ufunguo. Nilikuwa nautoa kwa moyo wote.

Aliufunga mkononi. Kicheko kikamwisha, akanitazama usoni.

"Ile ng'ombe yetu," akasema taratibu, "siku walichinja, ilikuwa na mimba?"

Yeye ndiye aliyempandisha ng'ombe kwa fahali wake. Yeye ndiye aliyekuja Lubondja wakati wa kuzaa ukiwa umefika. Mfugaji hahitaji karatasi ili ahesabu miezi. Nililijua hilo, na alijua kwamba nalijua.

"Hapana, baba," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo. Hakunikaripia. Akauchukua mkono wangu, akauweka ufunguo kiganjani, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja.

"Basi hii nakupa mi. Njo ya urafiki. Usiiuzishe."

Mwezi uliofuata mimi na mama tuliwapandisha yule ng'ombe na ndama wake. Mama alilala kule usiku mmoja, na asubuhi nilimwona akinywa kikombe kizima cha maziwa, wa kwanza tangu mambo yaanze. Aliniambia, "Sasa umesafika." Kipikipiki kilinibeba miaka mingi, shule hadi shule, na nyayo zangu zilifika chini kila mahali niliposimama. Mzee alikuwa akiteremka kila kiangazi, anakipapasa, ananiuliza kama kinakunywa vizuri. Kila mara nilijiambia nitamwambia kiangazi kijacho. Alifariki milimani kwao, na habari ilinifikia wakati amekwisha kuzikwa.

Watoto wangu hunishangaa kwa nini siwapi mafundi kipikipiki kile kilichooza nyuma ya nyumba. Huwaambia ni zawadi ya rafiki ya babu yao, haiuzwi. Habari ya ndama sijawaambia.