Friji Iliyosemekana Imekufa

Shule aliyokuwa akifundisha Mwalimu ilipofungwa, mdogo wake alimwambia akae nyumbani. "Dada, umri nao umekwenda." Wiki iliyofuata Mwalimu alijiandikisha chuo kusomea ufundi wa friji, akaketi dawati moja na vijana wa rika la wanawe.

Alipohitimu alibisha hodi karakana kumi na moja. Kote walimtazama ile miwani yake, kisha wakasema watampigia simu. Hawakupiga. Mwaka ukakatika hivyo. Mwalimu alimeza hasira zake, akapiga pasi ovaroli, akaenda karakana ya kumi na mbili.

Huko msimamizi alimwonyesha friji kubwa iliyonyamaza kimya. "Mota imekufa. Tuone utaitoaje." Waombaji wawili waliomtangulia walikwishazama nyuma ya friji na bisibisi, mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu hakugusa bisibisi. Miaka ishirini na miwili ya kusahihisha madaftari ilimfundisha kwamba darasa zima likija na jibu moja, ujue limenakili kwa mmoja. Akafungua mlango wa friji, akapapasa ndani mpaka kwenye swichi ya baridi. Ilikuwa kwenye sifuri. Akaizungusha mpaka tatu, na mota ikaanza kunguruma.

Msimamizi, aliyeizima mwenyewe asubuhi ile kuwapima waombaji, akacheka. "Mama, nani alikuambia mota ni nzima?"

"Hakuna. Ila wewe ulisema imekufa, na sikukuona ukiipima. Ovaroli ninayo. Naanza na friji ipi?"